Mwezi wa Nassra

Mlisho 28

Harusi ya mwisho nimeimaliza juzi, Kikwajuni, na sasa mpaka Idi sina kazi. Mlisho unakwisha, na nani aoe Ramadhani? Nimejinunulia daftari hili ili mwezi mzima usiniishie kwa kulala na kutazama simu.

Mimi ni mpiga picha wa wanawake. Nikishaingia ukumbini mlango unafungwa, simu za watu zinakusanywa kwenye kikapu, mabuibui yanavuliwa, na kamera inayobaki ndani ni yangu peke yake. Mabibi harusi wananiamini kwamba picha zao hazitamfikia mwanamume asiyehusika, na miaka yote hii hakuna aliyewahi kulalamika. Najisifu, najua. Daftari ni langu.

Hapa Michenzani tumekuwa watatu: mimi, mdogo wangu Munir anayeuza makava na chaja za simu Darajani, na bibi yetu mzaa mama, Bi Mwanamwema, aliyeletwa kutoka Bwejuu kwa ajili ya macho. Yote mawili yana mtoto wa jicho. Daktari amesema atampasua baada ya Idi, sukari ikitulia, na kwamba mwaka huu asifunge. Bibi alimsikiliza kwa adabu zote, akamshukuru, na tulipofika nje akaniuliza tende nzuri siku hizi zinauzwa wapi.

Mlisho 29

Nilipanda juu ya paa na kamera na lenzi yangu mpya ndefu. Mpya kwangu, nimeinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anahama. Nilitaka kuuona mwezi kabla ya watu wote. Wingu tupu. Niliposhuka nikakutana na Bi Time, jirani yetu wa mlango wa pili, akanicheka: "Na bomba lote hilo, Nassra, huna hata nyota moja?"

Baada ya Isha redio imetangaza kwamba umeonekana. Ramadhan Karim.

Ramadhani 1

Bibi amefunga. Munir amegomba, mimi nimegomba, yeye amejifunika kanga akalala.

Ramadhani 4

Baada ya kufuturu bibi ananyoosha mkono. "Hebu nipe hilo dude lako, mke mwenzangu. Ndani mna nini hasa?"

Nikampa alishike. Nikamwambia mbele ni lenzi, na lenzi si kioo kimoja, ni vioo kadhaa vimepangwa ndani ya bomba, vingine vimebinuka nje, vingine ndani. Mwanga unakuja umetawanyika, vioo vinaukusanya na kuufikisha mahali pamoja. Lenzi ikichafuka, kamera huona weupe na vivuli tu.

"Basi na mimi lenzi zangu mbovu."

"Ndiyo, bibi. Daktari atakutilia nyengine."

"Za Mzungu anayehama?"

Munir alicheka mpaka chai ikampalia.

Ramadhani 7

Joto. Upepo umekufa, mashati kwenye kamba hayatikisiki. Bibi amefunga vizuri.

Leo ametaka kujua kinachofuata. Nikamwelezea tundu la ndani ya lenzi, na vibati vyembamba vinavyolibana na kulifungua kama mboni ya jicho inavyofanya kwenye jua na kwenye giza. Kisha pazia, linalofunguka na kufunga upesi kuliko mtu kupepesa. "Kama mlango wa harusi zenu," akasema. "Huyu aingie, yule asiingie." Nimeupenda mfano wake, nitautumia.

Ramadhani 10

Mvua ya kwanza. Munir ameniletea zawadi kutoka Darajani: kioo cha kinga cha kuskrubu mbele ya lenzi isiingie vumbi wala chumvi. Cha bei ya chini, kimekuja kwenye mfuko wa nailoni bila hata boksi. Nimekifunga palepale asije akaona nakidharau.

Ramadhani 13

Mvua. Maji ya bomba hayajapanda ghorofa yetu, tumepanga ndoo kwenye varanda chini ya mchirizi. Nikaona somo limejileta lenyewe.

Nikamwambia bibi kwamba nyuma ya pazia kuna kipande kidogo, kama stempu ya barua. Humo mna vijishimo vingi mno, na kila kijishimo kazi yake ni kukinga mwanga kama ndoo inavyokinga mvua. Pazia likifungwa, kamera inapita ndoo kwa ndoo, hii imejaa, hii nusu, hii tupu, inaandika hesabu, na hesabu hizo ndizo picha. Kila ndoo ina kifuniko cha rangi, ama chekundu, ama kijani, ama buluu, kwa hiyo kila moja inapokea mwanga wa rangi yake tu, na akili ya kamera ndiyo inayozichanganya. Juu ya ndoo zote wamelaza kioo kingine cha kuzuia ule mwanga wa joto ambao jicho halioni.

"Kwa hiyo yeye haoni," bibi akasema. "Anahesabu."

"Anahesabu, lakini hakosei, bibi. Anayekosea ni binadamu."

"Haya."

Nilisema vile kwa sauti ya mwalimu. Nilijipenda sana leo.

Ramadhani 14

Muhogo wa nazi na samaki. Mvua.

Ramadhani 18

Adhuhuri bibi ameanguka kati ya kitanda na mlango. Hakuumia. Mikono ilikuwa inatetemeka, jasho baridi limemjaa shingoni, nikajua sukari imeshuka. Nimemtilia asali mdomoni kwa nguvu. Alikuwa anaisukuma kwa ulimi, mimi namziba, sote tunalia. Ameimeza.

Magharibi, fahamu zake zimerudi vizuri, alinishika mkono. Kisha akasema: "Siku hii moja ntailipa. Lakini usinifanyie tena, Nassra. Tangu nlipobaleghe, Ramadhani sijaila ila kwa udhuru wa kike, na zote nmezilipa. Huu nnaona ndio wa mwisho. Nnataka niufunge uishe mikononi mwangu."

Munir amesema tumrudishe kwa daktari. Daktari atasema yale yale, na bibi atamshukuru kwa adabu zote.

Ramadhani 19

Amefunga. Nimeshinda nyumbani namtazama kama sufuria ya maziwa jikoni.

Ramadhani 23

Mawingu. Nguo hazikauki, ngazi nzima inanuka uvundo. Bibi amekonda usoni.

Ramadhani 25

Bi Time alikuja na sahani ya vitumbua, wakaanza habari za mwandamo. Bibi akahadithia kwamba Bwejuu, alipokuwa msichana, baba yake alikuwa akimpeleka nje atazame magharibi juu ya minazi, maana macho yake yalikuwa makali kuliko ya kaka zake wote. Akirudi na kusema ameuona, baba yake anamuuliza mara tatu: kwa jicho lako? Akijibu mara zote tatu bila kubabaika, ndipo mzee anapokwenda msikitini kusema kwamba binti yake ameuona.

"Na msikitini wanakubali?" nikauliza.

"Wapi! Wanamwambia, umeuona wewe? Anasema sikuuona. Basi wanangoja mwengine," bibi akasema, akacheka. "Lakini kwetu nyumbani tunafuata jicho langu."

Bi Time akasema hiyo ndiyo sheria, mwanamke ana mambo yake na mwezi una watu wake. Nilipoosha vyombo nilivigonganisha.

Ramadhani 27

Leo alisali akiwa amekaa. Nikimshika mkono nausikia mwepesi. "Bado mbili au tatu," akasema kabla sijasema kitu. Naomba mwezi uwe wa siku ishirini na tisa. Sijawahi kuomba dua ndogo namna hii kwa moyo mkubwa namna hii.

Ramadhani 29

Naandika baada ya Isha.

Kabla ya Magharibi tulipanda juu ya paa, mimi na Munir na majirani kama kumi. Magharibi yote wingu, isipokuwa kipande kimoja juu ya mapaa ya Mji Mkongwe kilichobaki wazi. Kila mtu aliweka kiganja juu ya macho akatazama pale. Hakuna aliyeona kitu. Mimi pia sikuona kitu. Nilikuwa na kamera juu ya miguu yake mitatu, nikawa napiga na kupiga katika ule uwazi, kwa sababu kinachoweza kulipita jicho hakiipiti lenzi ile. Adhana ikatoka, tukafungua kwa tende na maji papo hapo, wingu likaziba, watu wakashuka.

Nyumbani nikaanza kuzitazama picha moja moja kwenye kioo cha kamera, nazikuza. Na pale, juu upande wa kulia, nikauona. Mwembamba, mweupe wa kufifia, umelala chali pembe zake juu, kama unavyokuwa mwezi mchanga. Nilipiga ukelele. Munir akaja mbio na kijiko mkononi.

Nikaikata picha pembeni kote ukabaki mwezi peke yake, maana ukimpa mtu picha nzima atatazama mapaa. Munir akaituma kwenye kundi la msikiti wa nyuma hapa. Haikupita muda simu ikalia. Mwalim Ubwa, imamu wetu. Munir akaweka sauti kubwa.

"Assalamu alaykum, mwanangu Nassra."

"Waalaykumu salaam, Mwalim. Shikamoo."

"Marahaba. Picha nimeiona, mashallah. Nakuuliza kitu kimoja. Pale juu, uliuona kwa jicho?"

"Kamera imeuona, Mwalim. Ina nguvu kuliko jicho."

"Sina shaka. Lakini sisi twataka jicho. Na kufungua mwezi kunataka mashahidi wawili, wanaume. Usivunjike moyo, mwanangu. Allah akulipe kwa bidii yako."

Aliyasema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionichoma. Redio nayo ikatangaza: haukuonekana, watu wakamilishe thelathini. Bi Time akapitisha kichwa mlangoni, kicheko kimemjaa: "Huo ni mwezi wa Nassra! Sie wetu bado."

Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba na kamera kifuani, masikio yanawaka, ndipo bibi aliponiita.

"Nassra. Njoo ukae hapa. Nnasikia maneno ya picha, na mimi picha siioni. Nnakuuliza wewe. Umeuona?"

"Nimeuona, bibi."

"Kwa jicho lako?"

Mwalim Ubwa alikuwa ameniuliza neno hilo hilo muda mfupi tu uliopita, na nilikuwa nimemjibu kweli. "Kwa jicho langu, bibi."

"Sema wallahi."

"Wallahi."

Akaweka mikono usoni akalia kimya kimya. "Alhamdulillahi. Nmeufikisha. Wao na wafunge, mimi nna shahidi wangu."

Kamera ni jicho langu. Wenye miwani hawaambiwi kwamba hawakuona. Na kesho atakula, atakunywa dawa yake asubuhi, hataanguka tena. Nimeyaandika haya yote niyaone yamekaa vizuri kwenye karatasi. Yanaonekana yamekaa vizuri.

Mfungo Mosi 1

Idi yetu ya watu wawili. Nimempikia bibi tambi za sukari na chai ya maziwa, amekula akaongeza. Munir, aliyeitapanya picha mtaa mzima, amefunga! "Nnafunga na watu, dada," anasema, macho kwenye tambi. Nikamwambia ana imani ya muuza chaja: bidhaa anaisifu, yeye mwenyewe haitumii.

Tumefunga madirisha harufu isiwaendee waliofunga. Bibi amepaka hina kidogo. Anaimba.

Ramadhani 30

Siku ni ile ile. Kichwa cha habari nilichoandika asubuhi ni cha uongo. Nimekiacha hapo juu nikione.

Baada ya Adhuhuri Munir aliniletea wazo kutoka dukani: niichapishe picha kubwa, nimtilie bibi kwenye fremu, macho yake yakipona aone mwezi aliofungulia. Nikafurahi. Nikaifungua ile picha nzima kwenye kompyuta, ambayo hata jana sikuitazama vizuri, nikitafuta pa kuikata upya.

Chini, upande wa kushoto, juu ya paa la hoteli moja ya Mji Mkongwe, kuna tao la taa. Wamelipamba kwa ajili ya wageni wanaokula juu. Taa nyeupe, limeinama kama tao lolote, miguu chini. Juu, upande wa kulia, mwezi wangu, pembe juu. Nikatazama kimoja, nikatazama cha pili. Ukubwa mmoja. Mkunjo mmoja. Ukipiga mstari kutoka tao kwenda kwenye mwezi unapita katikati kabisa ya picha.

Nilijua papo hapo, lakini sikutaka kujua. Nikafungua picha nyengine ambayo nilipoipiga nilikuwa nimeisogeza kamera kidogo kushoto. Tao lilikuwa limesogea kulia, na mwezi umesogea kushoto kwenda kumpokea mwenzake. Nikafungua ya tatu, hali moja. Mwezi wa mbinguni ungesogea kulia pamoja na tao; hauendi kinyume kwa kuwa Nassra amegeuza mkono.

Ni kile kioo cha kinga. Mwanga mkali wa taa umepita lenzi ukagonga kile kipande cha ndoo, na kipande chenyewe kinang'ara, kikaurudisha mwanga kidogo mbele. Kioo cha lenzi kimepakwa dawa ya kumeza mng'aro wa namna hiyo. Kioo cha kwenye mfuko wa nailoni hakikupakwa kitu. Kikaurudisha tena ndani, juu chini, kushoto kulia. Ndoo zikahesabu kwa uaminifu kilichoingia. Kamera haikukosea hata kidogo. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Niliitaka pembe juu, nikaiona pembe juu, na penye ushahidi nilipakata nikapatupa.

Ilikuwa Alasiri. Bibi akaita kutoka chumba cha mbele: "Mke mwenzangu, yale maji ya ukwaju yamebaki?"

Nilijua kwamba nikisema neno moja angeacha kula hapo hapo. Siku ingekuwa imeharibika, lakini angeinusuru iliyobaki, angekaa na kiu yake mpaka jua litue kwa heshima ya Ramadhani. Nilisimama jikoni na jagi. Nikafikiri juu ya sukari yake, nikajiambia namhurumia. Haikuwa huruma. Niliona haya ya uso wangu. Nikammiminia glasi, nikaijaza, nikampelekea, akanywa na kuniombea dua juu yake.

Magharibi mvua imeisafisha mbingu na mwezi umetoka, uzi mwembamba hata ukipepesa unakupotea. Watu wamepiga kelele kutoka varanda zote za jumba. Bi Time akapaza sauti ngazi nzima isikie: "Nassra! Wako wa jana mbona umekonda?"

Watu wamecheka. Bibi naye amecheka, akamjibu: "Mwezi ni wa Mungu, Time, mwembamba na mnene!" Ananitetea.

Mfungo Mosi 1, Idi ya watu

Takbiri tangu alfajiri. Nyumba imejaa. Ndugu kutoka Bwejuu wamekuja na mwani mkavu na nazi, bibi amekaa juu ya kitanda na kanga mpya, kila anayeingia anamwambia: "Nmetimiza. Siku moja tu ntailipa, walinitilia asali. Kwa dalili ya huyu mjukuu wangu nlifungua. Jicho lake ni langu."

Simu tatu za mabibi harusi wa mwezi huu wa Mfungo Mosi. Mmoja amesema, "Mama kasema tukupate wewe tu, maana wewe mwaminifu." Nimemwambia nitampigia.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi ni maiti na mwosha. Nimegawa halua na kahawa siku nzima nikitabasamu, uso unaniuma.

Mfungo Mosi 2

Leo nimesema. Si kwa ushujaa. Bibi alikuwa anamwambia Munir ampeleke kwa Mwalim Ubwa akampe salamu, amwambie kwamba mwaka ujao amsikilize Nassra. Nikaona akitoka mlangoni itakuwa nimemtoa mtaani uchi. Nikamwomba Munir atupishe.

Nilianza na kioo. Nikamweleza kioo cha kinga, na dawa inayopakwa vioo, na mwanga ulivyogonga kile kipande ukarudi, na tao la hoteli. Nilieleza vizuri sana. Nilijisikia nikieleza vizuri. Alikuwa amenielekezea uso na macho yake meupe, akaniachia nimalize.

"Lenzi nshaijua," akasema. "Pazia nshalijua, ndoo nshazijua. Kioo na mimi naweza kukisamehe, hakina roho. Sasa nnakuuliza. Siku ile, pale juu, ulikiona kitu chochote kwa jicho lako?"

"Sikukiona, bibi."

"Na uliposema wallahi ulijua kwamba hukukiona."

"Nilijua."

"Kuwa si mwezi, umejua lini?"

"Siku ya pili. Alasiri."

Mkono wake ulikuwa unapapasa pindo la shuka, unalikunja na kulikunjua.

"Kabla ya maji ya ukwaju," akauliza, "au baada?"

Nilitamani aniulize kitu chengine chochote. "Kabla."

Hakunipigia kelele. Ningependa anipigie. Nikamwambia nilifanya kwa ajili ya sukari yake, na kwa hasira ya maneno ya Mwalim, na kwamba nilimpenda. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesikia habari za watu asiowajua.

"Mwalim hakukubali, ukamwambia kweli," akasema. "Mimi nlikubali, ukanambia uongo."

Baadaye, nilipokwenda kumtandikia, akasema bila ya kunigeukia: "Niamshe daku. Deni langu lilikuwa siku moja, sasa mbili. Naanza kesho."

Nikamkumbusha daktari. Akasema daktari hakuapa.

Mfungo Mosi 3

Idi ya tatu, watoto wamevaa nguo mpya na miwani ya plastiki, na sisi tumefunga. Mimi nafunga pamoja naye. Na mimi nina deni. Munir amekasirika, hakutaja na nani.

Wageni wameendelea kuja. Nikiwaletea halua wanamwona bibi haigusi, wanasema: "Mashallah, Bi Mwanamwema, ushaanza sita!" Wanafikiri ni zile sita za sunna. Bibi anageuza maneno. Anawauliza habari za watoto. Hakunitaja kwa mtu hata mmoja, na laiti angenitaja. Bi Time alikaa naye saa nzima, akaondoka anasifu, hajui. Njia ya mwongo fupi, watu husema, lakini yangu bibi ameizuia kwa mwili wake.

Ameniita Nassra siku nzima. Mke mwenzangu hakuna.

Adhuhuri mikono yake ilitetemeka tena. Nikaja na asali, nikaiweka pembeni, nikaiacha hapo. Sikuwa na uso wa kumshika. Akalala kiubavu, akapumua polepole mpaka ikapita.

Jioni mvua kubwa imepiga na umeme umekatika mji mzima, vipaza sauti vya misikiti vyote vimekufa. Munir hajarudi. Nilimwekea bibi tende na glasi ya maji kwenye sinia mbele yake. Akaichukua tende moja akaishika.

"Jua limetua?"

Nikaenda dirishani. Mvua, kijivu, na giza linapanda kutoka upande wa mashariki. Nikatazama na saa ya simu. Wakati ulikuwa umeingia na kupita kidogo.

"Limetua, bibi. Na simu inasema hivyo hivyo. Fungua."

Tende ilibaki pale pale kati ya vidole vyake, karibu na mdomo. Nilimwona anameza mate. Midomo imemkauka, imepasuka, na maji yako mbele yake.

"Nenda kamwite Time," akasema.

Nikajifunga kanga nikaenda kumgongea.